Chupa Chini ya Majani: Kisa cha Simba na Takataka za Msituni

Asubuhi hiyo hatukuwa tumefika hata nusu ya njia yetu. Simba, mbwa wangu, alikuwa hatua kama kumi mbele yangu, pua chini, akifuata harufu ya mnyama aliyepita usiku. Akaacha njia, akakata kuelekea kwenye gogo kubwa lililoanguka karibu na kijito. Sikumsikia akilia. Nilimwona tu amesimama ghafla, ameinua mguu wa mbele wa kulia, anaulamba. Nilipomfikia, majani makavu chini yake yalikuwa yamelowa. Wayo wa mbwa una mishipa mingi ya damu, na ukikatika hautoi matone, unamwaga.

Nilipiga magoti nikaugeuza. Ile nyama nene nyeusi ya katikati, ambayo mbwa huikanyagia, ilikuwa imepasuka kwa urefu wa pingili ya kidole, na ndani ya mpasuko kulikuwa na kitu cha kijani kinang'aa. Mkono wangu ulishakwenda kukivuta. Nikajizuia, kwa sababu niliwahi kuambiwa kwamba kipande kilichozama huenda ndicho kilichoziba mshipa, na kwamba kioo kikivutwa kwa vidole huweza kukatika nusu ikabaki ndani. Nikavua shati la juu, nikalikunja, nikauzungushia mguu na kubana pembeni mwa jeraha, si juu yake. Kisha nikambeba. Simba ana kilo 23. Kutoka pale hadi barabarani nilipumzika mara nne, na kila nilipomweka chini alinitazama usoni kana kwamba anasubiri nimweleze kimetokea nini.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu yaliyofuata yalibadilisha kabisa namna ninavyozielewa takataka za msituni. Nilikuwa naamini ni tatizo moja lenye sababu moja, yaani watu wasiojali. Kumbe yalikuwa matatizo manne yaliyokaa jirani, kila moja na wenyewe wake, saa zake na dawa yake. Na mojawapo lilikuwa letu sisi wenye mbwa.

Swali la daktari

Daktari wa mifugo alimchoma sindano ya ganzi, akatoa kipande chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nilidhani kazi imekwisha. Yeye akaendelea kutafuta taratibu kwa kibanio, akatoa kipande cha pili, chembamba kama sindano, ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekiona. Akaosha jeraha kwa maji ya chumvi, akashona, akafunga bendeji.

Alinieleza kwamba jeraha la wayo si sawa na jeraha la ubavuni. Mbwa husimama juu ya jeraha lake. Kila hatua inaachanisha kingo za mpasuko na kuzivuta nyuzi, na umande wa nyasi hupenya kwenye bendeji ukakaa humo. Kwa hiyo bendeji ibaki kavu, ivalishwe mfuko wa plastiki mbwa anapotoka kujisaidia tu, na mfuko uvuliwe mara anaporudi ndani. Avae ile kola pana shingoni asije akalamba. Na matembezi yasimame kwa wiki tatu. Damu inapokata siku ya kwanza, wengi hudanganyika kwamba mambo yamekwisha, mbwa anarudishwa njiani na nyuzi zinaachia.

Akiwa ananawa mikono akauliza, "Mnapita wapi kila siku?"

Nikamtajia.

"Na huko chini kuna nini kingine?"

Sikuwa na jibu. Miaka minne ya kupita njia ile kila asubuhi, na jioni nyingi pia, na sikuweza kumtajia vitu vitano vilivyolala kando yake. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mbwa anaangalia chini, wewe unamwangalia mbwa." Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani.

Wiki tatu za kutembea peke yangu

Kesho yake nilitoka saa ileile, njia ileile, bila kamba mkononi. Nilibeba daftari, glavu nene na mfuko. Niliamua kutookota chochote siku za mwanzo, isipokuwa vioo. Nilitaka kwanza kujua. Kila nilichokiona nilikiandika: ni nini, kiko wapi, ni kipya au cha zamani. Upya na uzee haujifichi ukizoea. Chupa ya zamani ina udongo ndani na lebo iliyofifia, na ukungu wa kijani umeanza kuitambaa upande uliolalia ardhi. Mpya ina harufu bado.

Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza nilikuwa na jambo ambalo sikulitarajia. Takataka hazikuwa zimeenea msitu mzima. Zilikuwa zimejikusanya mahali patatu, na kati ya mahali pamoja na pengine ungeweza kutembea hatua mia nne usione hata karatasi. Nilikuwa nimezoea kusema "msitu wetu umejaa taka." Msitu wetu ulikuwa na vidonda vitatu.

Cha kwanza kilikuwa pale kwenye gogo. Chupa, makopo, vipisi vya sigara, karatasi za vitafunio. Vilionekana Jumamosi na Jumapili asubuhi, karibu havikuonekana siku nyingine. Cha pili kilikuwa kwenye uwazi wa kuegesha magari, mwanzoni mwa njia: mifuko ya taka za nyumbani, vipande vya mbao, godoro moja, ndoo za rangi zilizokauka. Hivi vililetwa usiku, kwa gari, siku yoyote. Cha tatu ndicho kilichonishangaza zaidi, kwa kuwa kilikuwa kimezunguka pipa la taka. Pipa lilikuwa limewekwa katikati ya msitu, kwenye njia panda, kwa nia njema bila shaka. Lilikuwa limejaa hadi juu, na mifuko iliyoachwa ubavuni mwake ilikuwa imechanwa na wanyama wa usiku, yaliyomo yakatawanywa mbali.

Mtu akikusanya vyote hivi pamoja, anaona rundo moja na anakasirika mara moja. Akivitenganisha, anaanza kuona watu tofauti. Waliokaa kwenye gogo walikuja kwa miguu kustarehe. Waliomwaga godoro walikuja kwa gari kukwepa gharama au usumbufu. Na walioacha mifuko kando ya pipa walikuwa watu waliojitahidi kabisa kufanya inavyotakiwa. Hawa watatu huwezi kuwaandikia tangazo moja.

Daktari na kalamu nyekundu

Siku ya kubadilisha bendeji nilimpelekea daktari orodha yangu. Nilitegemea aanze na vioo. Alichukua kalamu akazungushia duara neno "chingamu."

Baadhi ya chingamu zisizo na sukari hutiwa zailitoli, kitu kitamu ambacho binadamu hakimdhuru. Kwa mbwa ni sumu. Kongosho la mbwa hukiona kama sukari na kumwaga insulini nyingi kwa ghafla, basi sukari ya damu inaporomoka, mara nyingi ndani ya saa moja: mbwa anayumba, anatapika, anaweza kupata degedege. Akila nyingi zaidi, ini linaharibika. Pakiti iliyodondoka na vidonge vichache ndani yake inamtosha mbwa mdogo.

Duara la pili aliliweka kwenye gunzi la mahindi. Mbwa hulimeza vipande vikubwa kwa sababu lina harufu ya chakula, lakini halimeng'enywi tumboni, na linaziba utumbo hadi mbwa apasuliwe ili litolewe. La tatu lilikuwa kwenye kamba na nyavu za kufungia vyakula. Uzi mrefu ukinasa sehemu moja, tuseme chini ya ulimi, na ncha nyingine ikaendelea kushuka, utumbo hujikunja juu ya uzi kama kitambaa kinachopandishwa kwenye kamba ya kiunoni, kisha uzi unaukata kutoka ndani. Akazungushia pia betri ndogo za mviringo, ambazo huunguza koo na tumbo, na vipisi vya sigara, kwa ajili ya nikotini iliyobaki humo. Watu wengi huchukulia kipisi kama karatasi tu, ila kile kichungi chake kwa kawaida ni selulosi asetati, aina ya plastiki, na hakiozi kama jani.

Chupa hakuizungushia. "Hiyo umeshaijua," alisema.

Nilijifunza pale tofauti kati ya taka inayoniudhi mimi na taka inayomdhuru mbwa. Godoro lilikuwa linaniudhi kuliko vyote, na Simba hakuwahi hata kulinusa. Kitu kidogo chenye harufu ya mdomo wa mtu, kilichofichwa na jani moja, ndicho kinachomvuta.

Kuhusu chupa nzima, isiyovunjika, niliyajua mengine kwa mikono yangu. Wiki ya pili nilianza kuokota, na chupa moja iliyolala mteremkoni, mdomo ukiwa juu, ilikuwa nzito kuliko inavyopaswa. Niliigeuza juu ya karatasi. Ikatoka maji meusi, kisha mabawa magumu ya mbawakawa, mengi, yakiwa bado na mng'ao wa buluu, kisha manyoya yaliyoshikamana, na ndani ya manyoya kifuvu kirefu chembamba chenye meno kama nukta. Kirukanjia. Anaingia kufuata unyevu au mdudu, kioo kinateleza, mteremko unamrudisha nyuma kila akipanda. Akifa, harufu yake inawaita mbawakawa wanaokula mizoga, nao wanaingia na hawatoki. Kwa hiyo chupa moja haiui mara moja, inaendelea kuua mwaka hadi mwaka. Nilikaa pale na karatasi ile magotini kwa muda mrefu. Nilikuwa nimepita karibu na chupa ile, kwa kuikadiria kwa ukungu wake, mara mamia.

Yaliyotushinda

Sikuwa peke yangu tena. Kwenye njia za mbwa watu hufahamiana kwa majina ya mbwa kabla ya majina yao wenyewe, na habari za wayo wa Simba zilishazunguka. Tulikuwa sita, wakati mwingine wanane. Na mambo mawili ya kwanza tuliyoyafanya yalishindikana, tena yalizidisha tatizo. Nayaeleza wazi kwa sababu naona watu wengi wanaanzia hapohapo.

La kwanza ni kibao. Tulikiandika kwa hasira: kwamba watu wengi wanaugeuza msitu huu jalala, na kwamba ni aibu. Tulikipigilia karibu na gogo. Taka hazikupungua. Baadaye nilisoma juu ya jaribio lililofanywa katika Hifadhi ya Taifa ya Petrified Forest huko Arizona, Marekani, ambako wageni huiba vipande vya miti ya kale iliyogeuka mawe. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake waliweka vipande vyenye alama kando ya njia na kubadilisha maneno ya vibao. Kibao kilichosema kwamba wageni wengi waliotangulia wameondoka na mawe kilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande. Kilichoomba tu wageni wasichukue kilifuatiwa na wizi usiofika asilimia 2. Kumwambia mtu "wengi wanafanya hivi" ni kumpa ruhusa bila kukusudia. Kibao chetu kiliwaambia wakaaji wa gogo kwamba wako kwenye kundi kubwa. Tukakiondoa.

La pili lilikuwa kosa langu mwenyewe. Ijumaa moja jioni niliwakuta vijana watano pale kwenye gogo, nikawafokea. Nilikuwa na picha ya wayo wa Simba akilini na sikujizuia. Hawakunijibu. Jumapili asubuhi nilikuta chupa zote zimepasuliwa juu ya jiwe, vipande vimetawanyika hadi njiani. Chupa nzima huua kirukanjia, na chupa iliyopasuliwa hukata kila kinachopita, na tulitumia asubuhi nzima tukiwa tumepiga magoti kuokota. Hasira yangu ndiyo iliyovileta vile vioo pale. Sijaona njia nyingine ya kulieleza jambo hilo.

Aliyelitengeneza ni mzee mmoja anayetembea na mbwa jike mweusi, mzee mwenzake. Wiki iliyofuata alikwenda yeye, akaketi nao. Walimwamkia, akawaitikia, akakaa kimya kidogo kisha akauliza swali ambalo sisi sote hatukuwahi kuliuliza: "Wanangu, mkimaliza hapa mnaondoka kwa njia ipi?"

Wakamwonyesha. Waliondoka gizani kwa kijia kifupi kinachotokea barabarani, upande wa pili kabisa na lilipo pipa. Kulifikia pipa ni kuingia msituni zaidi, usiku, wakutane na pipa lililojaa na linalonuka. Kijana mmoja akamwambia, "Mzee, hata tukibeba, tunapeleka wapi?"

Tuliweka kreti la chupa mwishoni mwa kile kijia, mahali wanapopita wakirudi nyumbani. Halikuandikwa kitu zaidi ya "Chupa na makopo, asante." Wiki ya kwanza lilikuwa na chupa nne, na gogo likawa na nyingi zaidi ya hizo. Wiki ya tatu ikawa kinyume. Kuna usiku ambao halitumiki kabisa, hasa wakija wageni. Lakini hakuna tena chupa iliyopasuliwa kwa makusudi.

Pipa na mawe

Ofisi inayosimamia msitu ilichukua muda kujibu, na nisingependa kukaa hapo. Hoja yetu ilikuwa nyepesi: lihamisheni pipa kutoka njia panda hadi langoni, gari la taka linapofika. Pipa lililo ndani ya msitu linahitaji mtu wa kulifuata kwa miguu na kutoka na mzigo mgongoni, basi linamwagwa mara chache. Na pipa lisilomwagwa linakuwa chanzo cha taka: linawaalika watu waache, halafu haliwezi kupokea. Kuna walioogopa kwamba tukiliondoa watu watatupa chini. Lilipohamishwa, kwa siku chache walitupa pale lilipokuwa. Baada ya hapo njia panda ikawa safi kuliko ilivyowahi kuwa lilipokuwapo.

Kwenye uwazi wa magari, watu wa ofisi hiyo walipanga mawe makubwa ukingoni ili gari lisiweze kurudi nyuma hadi kwenye miti. Anayemwaga godoro anahitaji sekunde chache na maficho, na mawe yaliviondoa vyote viwili. Tangu hapo pametupwa vitu mara mbili.

Mifuko juu ya matawi

Sasa nifike kwetu. Nimeliweka jambo hili mwishoni kwa sababu hata kwenye daftari langu liliingia mwishoni, ingawa lilikuwa usawa wa macho muda wote.

Kando ya njia, juu ya matawi madogo, kulikuwa na mifuko ya kinyesi cha mbwa imening'inizwa. Mingine ilikuwa imewekwa kwa adabu chini ya mti. Hakuna kijana wa gogoni wala mwenye gari anayebeba kinyesi cha mbwa kwenye mfuko. Ilikuwa ya watu sita au wanane waliokuwa wakikutana kulaumu wengine, pamoja na wenzetu wengine wa njia ile. Mmoja ulikuwa wangu. Niliutambua kwa rangi. Niliuacha asubuhi moja nikisema nitauchukua nikirudi, kisha mvua ikaanza, tukakata njia ya mkato.

Karibu kila niliyezungumza naye alitoa maelezo hayohayo. Huning'iniza mwanzoni mwa matembezi ili asiubebe njia nzima, akikusudia kuuchukua akirudi. Lakini njia yetu ni ya mzunguko. Hakuna anayerudi alikopita. Nia ni njema, na njia yenyewe inaivunja kila siku.

Wapo waliouliza kama si afadhali kuacha kinyesi kioze chenyewe, msituni ni msituni. Hili linahitaji jibu la kweli. Watafiti waliochunguza hifadhi za miti kando ya jiji la Ghent, Ubelgiji, na kuchapisha matokeo mwaka 2022, walikadiria kwamba mbwa wanaotembezwa huko huacha kila mwaka kilo 11 za naitrojeni na kilo 5 za fosforasi kwa kila hekta. Hiyo ni mbolea. Shambani ingekuwa neema, ila mimea mingi ya msituni imezoea udongo wenye virutubisho vichache, na udongo ukirutubika, mimea michache yenye nguvu huisonga mingine. Walikadiria pia kwamba kinyesi chote kikiokotwa, fosforasi ingepungua kwa asilimia 97 na naitrojeni kwa asilimia 56, kwa kuwa naitrojeni nyingi inatoka kwenye mkojo, ambao hauokoteki.

Halafu kuna minyoo. Mayai ya mnyoo wa mbwa, Toxocara canis, hayaambukizi siku kinyesi kinapodondoka. Yanahitaji wiki kadhaa kukomaa kwenye udongo, yaani hadi kinyesi chenyewe kimeshatoweka machoni na mtoto anaona ardhi safi ya kuchezea. Kisha huweza kubaki hai kwa miaka. Kwa hiyo kuokota siku hiyohiyo kuna maana kubwa, na kumpa mbwa dawa ya minyoo kwa ratiba kuna maana vilevile.

Na mfuko ulioning'inizwa ni mbaya kuliko kutookota kabisa. Kinyesi kingeoza kwa wiki au miezi, sasa kimehifadhiwa ndani ya plastiki. Mifuko inayouzwa kwa sifa ya kuoza yenyewe haitusaidii hapo. Mingi yake inahitaji joto la kiwandani, karibu nyuzi 60 za Selsiasi kwa siku nyingi, na tawi la mti halina joto hilo.

Tulichofanya kilikuwa kidogo. Kila mmoja wetu alianza kubeba kopo lenye kifuniko kinachobana, limefungwa kwenye mkanda wa begi. Mfuko unaingia humo, harufu haitoki, mikono iko huru, na pipa sasa liko langoni tunakomalizia mzunguko. Mifuko ya matawini ilikwisha ndani ya mwezi. Ilikwisha kwa haraka kuliko kitu kingine chochote katika kisa hiki, na hilo lilinigusa, kwa sababu lilikuwa ndilo tatizo pekee tuliloweza kulimaliza tangu siku ya kwanza bila kumwomba mtu yeyote kitu.

Kwa nini Ijumaa

Tulikuwa tunaokota Jumatatu, baada ya uchafu wa mwisho wa wiki. Tukahamisha hadi Ijumaa alasiri. Sababu yake inatokana na utafiti wa Uholanzi, mjini Groningen, ulioongozwa na Kees Keizer na kuchapishwa mwaka 2008. Kwenye kichochoro ambako watu huegesha baiskeli, walifunga kipeperushi kwenye usukani wa kila baiskeli. Hapakuwa na pipa. Ukuta ulipokuwa safi, asilimia 33 ya wenye baiskeli walikitupa chini. Ukuta uleule ulipochafuliwa kwa michoro, wakawa asilimia 69. Watu hawakuwa wamebadilika. Mahali ndipo palibadilika.

Ukiokota Jumatatu, unaupa usafi watu wa Jumatatu hadi Alhamisi, ambao hata hivyo hawatupi. Ukiokota Ijumaa, anayefika kwenye gogo jioni anakuta ardhi safi, na kopo la kwanza analolitupa linaonekana kuwa lake. Kazi ni ileile, saa moja kwa watu wanne. Lakini mavuno ya wiki yalipungua, kutoka mifuko mitatu hadi mmoja ambao mara nyingi haujai.

Simba anarudi njiani

Wiki ya nne nilimfunga kamba tukatoka. Nyuzi zilikuwa zimetolewa, wayo una kovu la rangi ya majivu, gumu kidogo kuliko sehemu nyingine. Nilikuwa nimetumia muda wa kupona kumfundisha neno moja, "acha." Sikumfundisha kwa kumnyang'anya. Mbwa anayenyang'anywa hujifunza kumeza upesi zaidi, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Nilimbadilishia: anadondosha alichonacho, anapewa kilicho bora. Ndani kwanza, kisha uani, kisha njiani. Ipo siku aliokota kitu kando ya njia panda, nikasema neno lile, akakiachia kwenye kiatu changu. Pakiti ya chingamu, haijafunguliwa. Kwa mbwa asiyeweza kujizuia hata baada ya mafunzo, daktari anashauri kizuizi cha mdomo cha aina ya kikapu, kinachomruhusu kuhema na kunywa maji.

Karibu na gogo namweka kwenye kamba fupi. Tukimaliza, kabla hatujaingia ndani, nampangusa miguu yote minne na kupitisha kidole kati ya vidole vyake, kimoja kimoja. Mwanzoni alikuwa anavuta mguu wa kulia. Siku hizi anautoa mwenyewe.

Vipisi vya sigara bado vinatushinda. Ni vidogo, vina rangi ya majani makavu, na mtu aliyebeba chupa yake hadi kwenye kreti bado anakikanyaga kipisi chake na kukiacha palepale. Tuliweka kopo lenye mchanga kwenye gogo. Linatumika kidogo.

Na bado kuna vioo vya zamani. Mteremko ulio chini ya gogo umepokea chupa kwa miaka ambayo hakuna kati yetu aliyekuwapo, na kila mvua kubwa inaponyesha maji yanachukua tabaka la udongo na kuacha vipande vimesimama, ncha juu. Kwa hiyo baada ya mvua huwa natangulia peke yangu na kopo la bati, nachutama, natazama kwa ubavu mwanga unapoingia chini ya miti, kwa kuwa kioo hung'aa zaidi jua likiwa chini. Juzi nilipata vipande saba. Simba nilikuwa nimemfunga kwenye mti juu ya njia, amelala kidevu juu ya wayo, akinitazama hadi nilipomaliza.